Mfalme Aliyeezua Paa la Watawa

Asubuhi hiyo pale Kikuyu, mtaa wa Dodoma, vumbi liliamka mapema kuliko watu. Joha, mama wa Kondoa anayeuza kahawa kibarazani kwake, alimimina kikombe cha kwanza. Kwenye benchi alikuwa ameketi mwenye nyumba wake, mzee Pantaleo, ambaye jana tu alimwambia, huku anakunywa kahawa yake hiyo hiyo, kwamba leo fundi anakuja kuezua mabati. Miaka kumi na minne Joha amekaa mle na hajamkosea mtu. Ila Pantaleo anataka mpangaji wa wizarani, mwenye gari. Na mpangaji asiyetoka anajulikana dawa yake: linatangulia paa, yeye anafuata. Wanabenchi walijua, kwa hiyo wakaamua kuongea mambo ya mbali kabisa.

Habibu, waliyembatiza Profesa kwa ajili ya miwani, alitoa simu. Shemeji yake aliyeko Uingereza alimtumia picha: kuta ndefu za mawe, madirisha makubwa kama malango, na juu mbingu tupu.

— Hii ilikuwa nyumba ya watawa, alisema Profesa. Miaka mia tisa nyuma, tajiri mmoja mwenye dhambi nyingi aliwapa pori, akawaambia jengeni hapa, mniombee.

— Pori lenyewe lina maji? aliuliza Wilbert, fundi mwashi, wanayemwita Lenta.

— Tope tupu! Wakalikausha, wakafuga kondoo maelfu. Kazi yao kulima na kuimba.

— Na kondoo?

— Wanaitikia.

Lenta aliisogelea picha.

— Sasa nimeelewa. Humu hamna nondo. Sauti nzito zilishika msingi, nyembamba zikashika madirisha. Siku watawa wakipata mafua, ukuta unapata ufa.

— Jamani, na paa liko wapi? Joha aliuliza taratibu.

— Mfalme, Profesa alijibu. Alitaka mke mwingine, Papa akamkatalia. Kwa hasira akafunga nyumba za watawa nchi nzima, watu wake wakaezua.

Pantaleo alijiweka sawa kwenye benchi.

— Haki yake! Miaka mia nne watu wamejikalia, mkataba hawana!

— Mzee Pantaleo, wewe si Mkatoliki? Lenta aliuliza. Jumapili unapitisha kapu la sadaka, leo unamtetea aliyefukuza watawa?

— Kanisani mimi muumini. Hapa naongea kama mwenye nyumba.

Benchi zima lilicheka. Joha naye alicheka.

— Mimi naona huyo mfalme alikuja Dodoma kusoma, alisema Lenta. Kuezulia watu hakukuanzia Ulaya.

— Alikuja, Profesa akadakia. Alishukia hapo Ihumwa, nje kidogo ya mji.

— Kwa treni?

— Kwa farasi, Lenta! Reli ilikuwa bado. Akakaa wiki mbili, akajifunza kung'oa misumari, akarudi kwao.

— Na ugali alikula?

— Ndiyo maana alinenepa vile.

Hapo akatokea Abeli, yule fundi wa kuezua, ngazi begani, mtaimbo mkononi. Akawaamkia shikamooni, akaegemeza ngazi ukutani kwa Joha. Joha alitazama ngazi, akatazama mlango wake, kisha akamjazia fundi kikombe. Mtu amefika kwako, utafanyaje.

Abeli alikunywa huku anachungulia simu ya Profesa, jicho la kazi likitembea juu ya zile kuta.

— Nani kaezua hii?

— Mfalme, Profesa alisema. Kwenye miaka mia tano sasa.

— Alikuwa anataka nyumba yake?

— Alikuwa anataka nyumba yake, alijibu Pantaleo kwa nguvu.

— Sawa. Na tangu aezue, mzee, alipata mpangaji mwingine?

Profesa alivua miwani, akaanza kuifuta. Lenta akachungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Pantaleo aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akitafuta pazia, kamba ya nguo, moshi, chochote. Alivyozidi kuikuza ndivyo majani yalivyozidi kujaa sebuleni kwa watawa.

Abeli, mguu mmoja kwenye ngazi, alikuwa bado anamsubiri mzee aseme kama apande.