Sura ya Mke Wangu Ndani ya Kamera Iliyovunjika

Bandugu, bamama na bapapa, amani ya Bwana iwe kwetu. Muda mrefu nimekaa katika kundi hili la wafiwa bila kusimulia habari zangu. Leo kiongozi wetu ameniambia, "Papa, ni zamu yako." Basi nitasema. Nikinyamaza katikati, mnivumilie. Majina ya watu sitataja.

Mimi ni mtu wa upande wa Mitwaba, kaskazini ya Lubumbashi hii. Kazi yangu ilikuwa kupiga video za arusi na matanga. Nilikuwa na kamera ya kaseti ndogo, nayo ilitulisha. Mke wangu alilima mihogo, na alinicheka sana. Alisema mimi natazama watu kwa jicho moja, ndiyo maana sijui nani ananidanganya.

Kisha wenye silaha wakaja. Mliopita mule mnajua, sina haja ya kueleza. Tulikimbia tukisikia paa zikianguka nyuma yetu. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Nilikuwa nimebeba godoro, akanigeukia, "Tupa ile, beba kamera. Ndiyo itatukulisha kule tutafika." Picha zetu zote, hata za arusi yetu, zilibaki ndani zikaungua.

Alijifungua njiani, porini. Mtoto alilia vizuri. Lakini mama yake, damu haikukata. Wanawake tuliokuwa nao walifanya walichoweza, hata vitenge vikaisha. Kulipokucha alikuwa amekwenda. Tuliazima jembe kwa watu tusiowajua, tukamzika kando ya njia, harakaharaka, maana milio ya bunduki ilikuwa inasogea. Ndugu zangu, nawaambia, mkinipeleka leo njia ile, kaburi lenyewe siwezi kuwaonyesha.

Huku Lubumbashi dada yangu alimpokea mtoto, akamlea. Mimi nilibeba magunia sokoni, jioni nikarudi, nikakaa nikitazama ukuta. Sikunywa, sikugombana na mtu. Jirani mmoja alinisifu, eti nimejaliwa amani. Haikuwa amani. Nilikuwa nimezimika.

Mtoto akakua. Siku moja, dada yangu akimsuka nywele uwanjani, akaniuliza, "Papa, mama alikuwa namna gani?"

Nikafungua kinywa nimwambie, na sikuona kitu. Kitenge chake nilikikumbuka. Mikono yake niliikumbuka. Sura ikakataa kuja.

"Alikuwa muzuri," nikasema.

"Muzuri namna gani?"

Nikainuka, nikatoka barabarani, nikatembea mpaka miguu ikagoma. Bandugu, nilimzika mara ya kwanza kwa jembe la kuazima. Siku ile nikaona nimemzika mara ya pili, kichwani mwangu mwenyewe. Tangu hapo chakula kilinishinda. Dada yangu akaanza kuficha kamba za nyumbani. Mnanielewa.

Ndipo nikakumbuka kaseti. Ndani ya kamera mlibaki kaseti ambayo nilijaribia kamera nyumbani, siku chache kabla ya kukimbia, na mke wangu alipita mbele yake. Lakini kwenye lori lililotuleta Lubumbashi watu walikalia mfuko wangu: kioo cha kutazamia picha kilipasuka, na tundu la waya wa televisheni likabondeka. Nikaipeleka kwa mafundi wa mjini. Mmoja aliigeuza hivi na hivi, akanirudishia. "Papa, hii iko kitu ya kutupa. Kaseti za vile, machine yake haiko tena."

Nilikuja hapa nikaomba mniombee juu ya kamera ile, bila kueleza zaidi. Baada ya sala, mama mmoja akanifuata. Ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, vita ilimleta kama ilivyonileta mimi. Akauliza, "Ile kamera iko na tundu ingine kadogo, kando?"

"Iko."

"Kesho kuja nayo kwa depo, kule naweka mizigo yangu."

Kaka yake kule Kivu alikuwa akikata na kuunga video za arusi. Bombu lilimwua dukani kwake. Mama huyu aliileta ordinatere ya kaka, kompyuta yake ya kazi, kwenye lori, katikati ya makartoni ya sabuni, na hakuwa ameiwasha tena. Ilitumia mfumo wa Linux, usioshikwa ovyo na virusi vya kompyuta, kwa sababu kaka alichoka na virusi vilivyomlia kazi za watu. Mama huyu alijifunza kwake, jioni walipofanya kazi pamoja.

Tukaunga kamera na ordinatere kwa waya, katika lile tundu dogo. Mashine ikajibu kwamba haioni kamera yoyote. Nikaanza kuchomoa hiki, kubonyeza kile. Akanishika mkono.

"Acha, papa. Kimoja kimoja. Ukigusa yote pamoja, hautajua ni nini ilifanya."

Tukabadili waya. Hakuna. Tukahamia tundu jingine nyuma ya mashine. Hakuna. Nikaketi juu ya gunia la mchele, nikamwambia, "Mama, tuache. Amekufa, na hii imekufa." Aliiinamia kamera.

"Kifungo yake iko upande gani? Ya kupiga, ao ya kuonyesha?"

Ilikuwa upande wa kupiga, kama nilivyoiacha nyumbani. Nikasukuma kifungo. Kamera ikanguruma kidogo ndani, na jina lake likatokea kwenye kioo cha mashine. Nilipiga kelele. Tulipoomba picha, mashine ikaandika kwa Kifaransa: *Permission non accordée*. Ruhusa imekataliwa.

Mama akaondoa vidole kwenye vitufe. Kisha akasema, "Ruhusa ya kugusa kamera ilikuwa na kaka yangu peke. Sherti niandike neno lake la siri. Nalijua. Sijaliandika tangu alikufa." Akanionyesha makartoni ukutani. "Angalia kule, papa."

Nikageukia makartoni. Nikasikia vidole vikigonga, vikasimama. Nikamsikia akilia. Sikumwambia anyamaze. Vidole vikaendelea. Alijiandika miongoni mwa wanaoruhusiwa kutumia kamera, akaizima mashine, akaiwasha upya.

Picha ikaja. Nusu yake ilikuwa vipande vya miraba, kaseti ilikuwa imeoza. Halafu akageuka. Yeye. Tumbo mbele, mwiko wa kusongea bukari mkononi, anakunja uso kwa moshi. "Weye, utoshe, uondoe ile kitu kwa uso yangu! Kuja ukule." Basi. Miraba tena.

Tulinakili mara moja, na ilikuwa bahati, maana tulipoirudisha nyuma kamera iliitafuna kaseti. Haitacheza tena kamwe.

Mtoto nilimleta siku iliyofuata. Alitazama bila kupepesa. Akauliza, "Ni nani iko mu tumbo?"

"Ni weye."

Akasogea, akaweka kiganja kwenye kioo, pale tumboni. Akasema, "Alikuwa muzuri."

Bandugu, sikuja kuwaambia nimepona. Mke wangu bado amekufa, na usiku mwingine bado ni mrefu. Lakini ninakula, nimerudi kupiga video kwa kamera ya kuazima, na mtoto akiniuliza, ninamjibu. Aksanti kwa dada yangu aliyeficha kamba bila kunitukana. Aksanti kwenu mlioniombea. Na kwa mama yule, ambaye ilimbidi afungue kidonda chake ili mimi nione: Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa.

Nililojifunza ni dogo. Mtu akivurugikiwa na mambo yote, usimwambie atulie, wala usimwambie asahau. Kaa naye chini, muulize tuanze na kipi.