Odilie Zumbado Arguedas, Aliyeandika Mishahara Mitatu Ubaoni

Leo Jumatano, tarehe 4 Septemba 2024, tumekuja kwenye makaburi ya Barva kumsindikiza Odilie Zumbado Arguedas, mhandisi wa programu za kompyuta. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake Eliécer, fundi mabomba wa halmashauri, ambaye padri alimwomba auandike bila hasira. Amejaribu.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 11 Machi 1981 hapa hapa Barva. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Hernán Zumbado, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, na Mama Belarmina Arguedas, ambaye wengi wenu mmekula chakula chake. Baba yetu alipofariki mwaka 1995, Mama alifungua mgahawa wa meza sita kando ya barabara ya kwenda Heredia, akawa anauza wali, maharage, ndizi za kukaanga na kipande cha nyama. Mgahawa ule ndio uliotulea. Mama alilipa leseni yake na kodi yake kila mwaka. Mwaka mmoja alichelewa siku nne akapigwa faini, na hakuna aliyekuja kumkatia utepe.

Odilie alianza shule ya msingi mwaka 1988. Mwaka 1992 serikali ilileta shuleni kompyuta mbili. Mwalimu mkuu, aliyeogopa zisiharibike, alizifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Odilie, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alimwendea kwa adabu akaomba awe anazifuta vumbi kila Ijumaa. Mwalimu akafurahi sana kupata mtoto mwenye bidii. Baada ya mwezi mmoja akagonga mlango wa chumba chenye kabati lile.

"We Odilie, vumbi gani hilo la masaa mawili?"

"Limeingia ndani, mwalimu."

Mwalimu alipofungua alikuta mashine zote mbili zimewashwa, na kwenye kioo cha mojawapo orodha ya wanafunzi wote wa shule imepangwa kwa herufi. Alitaka kumchapa, lakini akaishia kumpa ufunguo.

Aliendelea na sekondari ya ufundi Heredia, kisha chuo kikuu cha umma kwa ufadhili wa masomo, akahitimu uhandisi wa programu mwaka 2004. Tunataka kila aliyepo hapa azingatie jambo hili: tangu chaki ya kwanza hadi cheti cha mwisho, dada yetu alisomeshwa na kodi. Kodi ya mama aliyechelewa siku nne, na ya ninyi mliosimama hapa. Mwenyewe alilisema hili mara nyingi, na kwa sauti isiyokuwa ya chini.

Alifunga ndoa na Rónald Chinchilla Vindas Jumamosi tarehe 13 Desemba 2008. Rónald ni seremala, na kila Agosti huwa fundi wa vinyago vikubwa vya kuvaliwa na watu kwenye sikukuu ya mji wetu. Mwaka 2010 wakajaliwa binti, Yuliana. Rónald anasema katika miaka yote ya ndoa waligombana juu ya jambo moja tu, nalo ni kwamba Odilie aliosha vyombo huku akiwaza kazi, na vyombo vikabaki na mafuta.

Odilie alifanya kazi benki kwa miaka minane. Mwaka 2012 akajiunga na kampuni changa iitwayo Rutavía. Walikuwa watu watano kwenye chumba kimoja juu ya karakana ya baiskeli, na mwanzilishi wake alikuwa Bwana Desmond Hurley kutoka Toronto. Programu yao ilipangia malori ya dawa na vyakula njia ya kupita. Sehemu ngumu kuliko zote, ile inayojua la kufanya mlima ukiporomoka na barabara ikafungwa, aliiandika Odilie. Si ajabu. Ukikulia hapa unajua mvua ya Oktoba inafanya nini.

Mwaka uliofuata serikali iliipa kampuni msamaha. Kwa miaka minane isilipe kodi ya mapato, mradi ilete ajira nzuri. Waziri mmoja alikuja kukata utepe. Jengo la vioo likasimama pale palipokuwa na mibuni aliyopalilia baba yetu, na watu mia moja na arobaini wakaajiriwa. Mchana walikuja kula kwa Mama. Hatutasema uongo makaburini: tulifurahi. Odilie alinunua gari dogo, akaezeka upya nyumba ya Mama, na majirani wakamwita tajiri.

Bwana Hurley naye alikuwa akila kwa Mama. Siku moja Mama akamuuliza, huku akimwekea maharage, "Bwana, ni kweli ninyi hamlipi kodi?"

"Ni motisha ya serikali, Mama Belarmina. Sisi tunaleta kazi."

"Na mimi ninaajiri watu wawili hapa. Motisha yangu inatolewa dirisha gani?"

Bwana Hurley alicheka sana. Akaacha bahashishi nzuri, na swali akaliacha pale pale mezani.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, miaka minane ikiwa imekwisha, kampuni ilitangaza kwamba inahamishia kazi Asunción, Paragwai, ambako ilikuwa imeomba msamaha mwingine. Odilie aliambiwa mambo mawili: ahakiki jedwali la wafanyakazi litakaloambatana na maombi hayo, kisha aende akawafundishe vijana kumi na wawili watakaochukua kazi ya kikosi chake. Fomu ilitaka mshahara wa kila cheo katika kila nchi. Ndivyo, katika mwaka wake wa kumi kazini, alivyoona kwa mara ya kwanza mstari wake mwenyewe ukiwa mzima. Mhandisi mwandamizi, daraja la nne. Toronto, dola elfu tisa na mia mbili kwa mwezi. Heredia, elfu mbili na mia tisa. Asunción, elfu moja na mia moja.

Yule wa Toronto alikuwa mmoja tu, kijana anayeitwa Colin, na kazi alifundishwa na Odilie kwa simu ya video, saa moja kila asubuhi kwa miezi mitano.

Alikwenda kwa Bwana Hurley. Alitusimulia mazungumzo yale neno kwa neno, akiwa amesimama katikati ya jiko la Mama.

"Odilie, elewa, maisha ya Toronto ni ghali."

"Kompyuta yangu nimeinunua kwa bei ya kwenu, bwana. Gari, bei ya kwenu. Dawa za presha za mama yangu, kwa bei ya kwenu pia. Hiki cha kwetu ni mshahara peke yake?"

"Lakini kwa hapa unalipwa vizuri. Uliza mtu yeyote."

"Kwa hapa. Na lori likipita njia niliyoipanga, mteja wenu analipa bei ya wapi?"

Bwana Hurley alimwambia aende nyumbani akapumzike, amechoka. Odilie hakuwa amechoka. Dada yetu alikuwa mtu mpole, mtu wa kuomba radhi hata kiti akikigonga. Siku ile alipofika alishika kiegemeo cha kiti, akasema, "Mama, wamenifanya nione haya mbele ya watoto ambao hata sijawafundisha bado."

Rónald akamuuliza, "Utakataa kwenda?"

"Nitakwenda. Nikikataa atatumwa mwingine ambaye hatawaambia."

Jumatatu tarehe 16 Mei 2022, chumbani Asunción, vijana kumi na wawili walikaa mbele yake, kikombe cha chai yao ya majani, inayonywewa baridi, kikizunguka mkono kwa mkono. Odilie alichukua kalamu, akaandika ubaoni namba tatu, moja chini ya nyingine, na pembeni ya kila namba jina la mji. Binti mmoja wa mstari wa mbele, Zunilda Ovelar, akauliza, "Mhandisi, hiyo ya chini ndiyo yetu?"

"Ndiyo yenu."

"Ya kati?"

"Yangu."

"Na ya juu ni ya bosi?"

"Ya kijana mwenye cheo changu na chenu. Kazi ni hiyo hiyo."

Mwingine, nyuma, akasema kwa uchungu, "Sasa unatuambia ili iweje? Unataka tukatae, kazi irudi kwenu?"

Odilie alikiri baadaye kwamba swali lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la haki. Akajibu, "Haitarudi. Mkikataa itakwenda nchi ya nne, na mimi sina nchi ya kuwapa. Nawaambia kwa sababu mkataba hamjatia saini, na mimi nilitia wangu bila kujua. Mkishajua, amueni wenyewe. Mkitaka nianze somo, naanza sasa hivi."

Walitaka. Akawafundisha siku hiyo na mbili zilizofuata, kila alichokijua, bila kuwaficha kitu. Alhamisi akafukuzwa kwa simu ya video ya dakika sita, kwa kosa la kufichua siri za kampuni. Vijana wale waligoma kutia saini kwa wiki tatu, wakapandishiwa hadi dola elfu moja mia sita na hamsini. Haikuwa elfu tisa. Lakini haikuwa elfu moja na mia moja.

Hapa Heredia jengo lilifungwa Juni. Wafanyakazi mia moja na arobaini waliondoka na masanduku yao, na kule kwa Mama meza nne kati ya sita zikakaa tupu. Odilie aliiandikia wizara barua tatu, akiuliza swali moja: ajira zilizoahidiwa kwa msamaha ule ziko wapi, na nani anahesabu? Mara tatu alijibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Hadi leo tunavyosema, imepokelewa.

Agosti hiyo, katika sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, Rónald alileta kinyago kipya mtaani: bwana mwenye tai, mashavu mekundu, na mkasi mkubwa wa kukatia utepe. Mnajua desturi yetu, vinyago hukimbizana na watu na kupigana nao kwa vibofu vya ng'ombe vilivyojazwa upepo. Kinyago kile hakikufika hata kanisani. Kilichapwa na kina mama, kikachapwa na waliofukuzwa, na Odilie, aliyesema hatatoka nyumbani, alionekana kwenye kona ya uwanja na kibofu mkononi, akicheka hadi machozi. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona akikimbia.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alifanyiwa upasuaji Aprili, akapewa dawa kwa miezi minane. Madaktari na wauguzi wa hospitali ya umma walimtunza kwa upendo, nasi tunawashukuru. Katika miezi aliyopata nguvu alifundisha bila malipo kwenye sekondari yake ya zamani, Jumanne na Alhamisi, na somo lake la kwanza kila mara lilikuwa namna ya kusoma mkataba. Ugonjwa ulirudi Machi mwaka huu.

Mahakama ya kazi ilitoa hukumu ya shauri aliloifungulia kampuni baada ya kufukuzwa, Ijumaa tarehe 19 Julai 2024. Ilisema mshahara ni wa mfanyakazi kuusema, na kwamba alifukuzwa bila haki. Yuliana alimsomea karatasi zote kitandani. Alipomaliza, mama yake akasema, "Rudia pale."

"Wapi, Mama?"

"Pale hakimu aliposema bila haki. Soma polepole."

Akasoma polepole. Odilie akafumba macho, akasema, "Basi. Nilidhani labda ni mimi tu ninayeona hivyo."

Alifariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 2 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa kwa Rónald na mwingine kwa Mama. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Maziko tumeyachelewesha siku moja ili Zunilda Ovelar afike kutoka Asunción. Amefika. Yule pale, karibu na Yuliana, ameshika mwavuli.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizopewa. Eliécer ameyaongeza kwa kalamu asubuhi ya leo, kwa sababu saa moja na nusu gari lilileta shada kubwa la maua meupe lenye utepe wa Rutavía, umeandikwa kwa dhahabu: "Kwa mwanafamilia wetu mpendwa." Wanaume wa nyumba yetu walitaka kulitupa mtaroni. Mama Belarmina akawazuia. Alichukua kisu cha jikoni, akaukata utepe kwa mkono wake mwenyewe, akauviringisha na kuutia kwenye ndoo ya maganda.

"Familia!" akasema. "Mtoto huyu nimemzaa mimi, wamemsomesha watu wa Barva. Wao walimkodi, tena kwa bei nafuu. Maua acheni, hayajamkosea mtu. Wapeni wauguzi."

Maua yamekwenda hospitalini.

Marehemu ameacha mume, Rónald, binti, Yuliana, mwanafunzi wa sekondari ya ufundi Heredia, mama, Belarmina, mdogo wake Eliécer na mkewe Xinia, wanafunzi wa Jumanne na Alhamisi, vijana kumi na wawili wa Asunción, ambao wameomba waandikwe kwenye orodha hii nasi tumekubali, na barua tatu ambazo Yuliana ataziandika tena kwa wizara Jumatatu ijayo, kwa jina lake mwenyewe.

Mungu amlaze Odilie wetu mahali pa amani, apumzike. Sisi tuliobaki bado tunasubiri majibu.