Wanaopumzishwa Siku ya Ukaguzi

Mama aliyekaa mbele yangu ndani ya basi alikuwa hatulii, kama kiti kinamchoma. Kando yake alikaa mwalimu wa sekondari anakosoma binti yake. Ndiyo kwanza wanafahamiana. Binti mwenyewe, amevaa sare, alikaa na mimi.

“Mwalimu, mmemwambia mwanangu leo abaki nyumbani apumzike. Kwani anaumwa?”

“Ni agizo la mkuu wa shule, mama. Walio wazito kidogo wanapumzishwa, wakaguzi wakute darasa linalojibu.”

“Watu wanakuja kukagua ufundishaji, nyie mnawaficha wanaohitaji kufundishwa!”

“Nikipinga nitahamishwa. Nina watoto, mama yangu.”

“Na huyu wangu ni kuku?”

Abiria wakacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akagundua anachekwa yeye. Marehemu dada yangu alikuwa mwalimu. Asubuhi za ukaguzi alikuwa hamalizi chai yake, na mimi mpaka leo nilidhani anawaogopa wakaguzi.

Mwalimu akalegeza tai, akaikaza tena. “Mrudishe nyumbani leo tu. Kesho nitakaa naye mwenyewe, nimwelekeze.”

“Kesho wakaguzi wameshaondoka na sifa zenu. Leo anaingia, na atakaa mbele.”

Basi likasimama kwenye lango la shule. Mama akawa wa kwanza kushuka. Mwalimu alibaki kitini, mkoba mapajani. Binti alisimama karibu naye, akasubiri kidogo, kisha akasema kwa adabu, “Mwalimu, tumefika.”