Aliyeandika Kitabu cha Mafanikio ya Jimbo, na Mstari wa 118

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka ofisi za jimbo kuja kumsindikiza: ninayesoma ni dada mdogo wa marehemu, fundi cherehani. Wasifu huu nimeuandika mimi, kwa hiyo mwenye la kulalamika aje kwangu, asimfuate mjane. Ni mrefu kidogo kuliko mlivyozoea. Kaka yangu ameacha jambo moja halijanyooka, akaniomba nilinyooshe mbele yenu, na siwezi kulifikia bila kupita njia nzima.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, chumba cha nyuma kilichotazamana na ghala la vifurushi. Baba yetu alikuwa mpanga barua, mama alishona mashuka ya hospitali. Tulizaliwa wanne, wawili walitangulia wakiwa wadogo, tukabaki yeye na mimi. Alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito kumshinda, na hata hapo aliendelea kunibeba kwa ubishi tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1974. Mwalimu wake wa darasa la tano aliwahi kumtuma akahesabu madawati yaliyovunjika. Alirudi na idadi kamili, na chini yake orodha ya waliovunja, jina lake likiwa la pili. Alichapwa pamoja na wenzake, na wenzake wakamchapa tena njiani. Mwaka 1975 aliingia chuo cha uhazili, akahitimu mwaka uliofuata kwa kasi ya kupiga chapa iliyomshangaza hata mkuu wa chuo.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa ofisi ya jimbo kama karani wa kupiga chapa. Mwaka 1990 alihamishiwa kitengo cha habari, ghorofa ya pili, chumba namba 14, chenye madirisha mawili yanayotazama maegesho ya magari. Serikali ya jimbo iliyopo sasa ilipoingia madarakani mwaka 1998, ilitaka kila mwaka kitoke kitabu cha mafanikio yake, na kazi hiyo akapewa yeye. Aliifanya miaka kumi na tisa, mpaka alipostaafu.

Nataka niwe mkweli kwa pande zote. Serikali hii imefanya mengi, na mtu asitoke hapa akasema tumeyakana. Barabara inayopita mbele ya kibanda changu cha kushonea ni mstari wa 64 wa kitabu hicho, na ninaipita kila siku bila kukanyaga tope. Kaka aliipenda kazi ile kwa sababu mengi aliyoyaandika aliyaona kwa macho yake. Aliniomba futi yangu ya kushonea, akawa anasafiri nayo kupima madarasa na visima, na kila aliporudi ilikuwa na saruji. Nimenunua futi sita kwa ajili ya maendeleo ya jimbo hili.

Ofisini walimwita Asilimia. Ukimuuliza kama chai imeiva, alikujibu kwamba imefikia asilimia themanini. Mke wake alipojifungua mtoto wa kwanza, kaka alimwandikia mama yetu barua ya mstari mmoja: "Mradi umekamilika kwa wakati, una kilo tatu na nusu, unalia vizuri." Mama aliitunza barua hiyo mpaka alipofariki.

Mke mwenyewe alimpata kwa sikio. Alikuwa opareta wa simu katika jengo lilelile, na kaka alikuwa akiomba kuunganishwa na ofisi ambazo hakuwa na shida nazo. Siku moja opareta akamwambia, "Bwana, hiyo ofisi imefungwa tangu juzi. Sema unachotaka." Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985. Walijaliwa watoto watatu, na wifi yangu hakuacha kumjibu kwa sauti ileile ya simu kila alipozunguka mbuyu.

Sasa nafika penyewe.

Mwaka 2008 wilaya ya mbali kabisa katika jimbo hili ilikuwa inajengewa wodi ya wazazi kwenye kituo chake cha afya. Kitabu cha mwaka huo kilitakiwa kitoke mapema kuliko kawaida. Mkuu wa kitengo alitaka wodi ile iingie. Kaka akamwambia imefika asilimia sitini. Mkuu akamjibu, "Andika imekamilika. Mpaka kitabu kitoke kuchapwa kiwandani, mafundi watakuwa wameshamaliza." Kaka akaandika. Ukawa mstari wa 118, na kwa kuwa hakukuwa na picha, ikawekwa picha ya wodi ya wilaya nyingine yenye rangi ileile ya ukuta.

Mafundi hawakumaliza. Waliondoka kuta zikiwa zimesimama bila paa, wakahamishiwa kazi nyingine, na hawakurudi.

Hapa lazima nieleze namna kitabu kile kilivyotengenezwa. Kila mwaka mwandishi alichukua orodha ya mwaka uliopita, akaongeza miradi mipya mwishoni. Idadi ilichapwa kwenye jalada kwa tarakimu kubwa, na ilikuwa mwiko ishuke. Mkuu alikuwa na msemo wake: "Mafanikio hayapungui." Kwa hiyo mstari ukishaingia, umeingia. Na ofisi ya ujenzi nayo, kabla ya kutoa mabati au mbao kwa mradi wowote, ilifungua kwanza kitabu. Kilichoandikwa kimekamilika hakipewi kitu, kwa sababu kimekamilika.

Mwaka 2009 mkunga wa kituo kile alikuja kuomba mabati. Ofisi ya ujenzi ikamjibu kwa barua: rejea kitabu cha mafanikio, mstari wa 118. Akapanda ghorofa ya pili mpaka chumba namba 14, barua mkononi. Kaka mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Bwana mwandishi," mkunga akamwambia, "nionyeshe hilo paa liko upande gani, nikalale chini yake."

"Mama, mimi niliandika nilicholetewa," kaka akamjibu. "Kama wamenidanganya, sikujua."

Mkunga alimwamini. Alikuja tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata, na kila mara alipata jibu lilelile la ofisi ya ujenzi na lilelile la kaka. Alifika mahali akawa anampa pole kwa kudanganywa.

Mwaka 2012, mwezi wa nne, chumba cha kujifungulia pale kituoni kilijaa, na mama mmoja akawekwa ndani ya zile kuta, chini ya turubai, mvua ikinyesha. Mtoto alipona. Mama alitokwa na damu nyingi, gari likachelewa, akafariki. Mkunga alikuja kumweleza kaka akiwa amesimama, akakataa kiti. Siku hiyo kaka alikuja kibandani kwangu badala ya kwenda kwake, akakaa kwenye rundo la vitambaa mpaka nikafunga kazi.

Baada ya hapo alijaribu, na ni haki yake nilisome hilo pia. Katika kitabu cha mwaka ule aliufuta mstari kimyakimya. Mkuu alihesabu, akakuta pungufu moja, akaurudisha. Akaandika dokezo la kurasa mbili likapelekwa juu, faili likarudi na neno moja, "Imeonwa." Mwaka 2014 akaweka kinyota kando ya mstari, na chini ya ukurasa akaandika kwa herufi ndogo kwamba jengo bado halijaezekwa. Kiwandani waliona yale maandishi ya chini yanabanana na picha, wakayatoa, wakakiacha kinyota. Wasomaji wakauliza kinyota ni cha nini. Mkuu akafikiri kidogo, akasema ni alama ya miradi bora. Mwaka uliofuata miradi mingine kumi na mmoja ikaomba kinyota na ikapewa.

Mnacheka, na yeye alicheka. Lakini alikuwa akicheka huku anajikuna mkono mpaka ngozi inatoka.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017 kwa cheti na saa ya ukutani. Kitabu chake cha mwisho kilikuwa na mistari 412. Aliyempokea naye aliichukua orodha kama ilivyo, na wa 118 umo mpaka leo. Salamu za ofisi ya jimbo zimechapwa ukurasa wa nne wa karatasi mliyoshika, na tunazishukuru. Zinasema kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kukosea hata mstari mmoja. Tumeziacha zilivyo.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alificha miezi mingi, na wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Alitibiwa hospitali kuu ya jimbo, katika wodi mpya ya figo, ambayo ni mstari wa 203. Ni wodi nzuri. Vitanda vipo, mashine zinafanya kazi, na wauguzi walimtunza kama baba yao, Mungu awabariki. Alimwambia muuguzi, "Wodi hii niliiandika mimi." Muuguzi akadhani homa imempanda. Kisha akatazama juu, akasema, "Hii ina paa." Muuguzi akaniita pembeni, akaniuliza kama mzee ana watu wa kumwangalia nyumbani.

Ijumaa tarehe 30 Agosti aliniomba karatasi. Nikaandika alichosema, akatia sahihi, muuguzi akashuhudia. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, saa nne na robo asubuhi, mkewe akiwa amemshika mguu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Karatasi ile imetugawa, na sitaki kujifanya haikutugawa. Jumatano tulikaa sebuleni kwake kuandaa wasifu huu. Mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi idara ya ujenzi ya jimbo, aliisoma mara mbili, akaiweka mezani.

"Shangazi, tuandike lilikuwa kosa la uchapaji," akasema. "Watu wataelewa."

"Kosa la uchapaji halitaleta mabati," nikamwambia. "Mkunga ameshaandika barua kumi na tano. Kila mara anajibiwa kwamba aliyeandika kitabu hajawahi kukanusha."

"Unataka tumzike baba kama mwongo? Na mimi nirudi kazini Jumatatu niwaambie nini?"

Mtoto ana familia, na anayosema si ya kijinga. Ni wifi yangu aliyesema, sauti ya chini, kama anaunganisha simu: "Mwanangu, mimi nimelala na jambo hilo kitanda kimoja miaka kumi na sita. Lisomwe."

Mtoto huyo hakukubali. Hakuzuia pia. Amekaa safu ya pili, na yuko huru kutonitazama ninaposoma. Nampenda, na ajue hivyo.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Wasifu kwa kawaida huishia hapa. Huu unaishia na maneno yake mwenyewe. Yamechapwa ukurasa wa mwisho, na sahihi yake ipo chini, ili anayetaka kuyapeleka ofisi yoyote asipate shida:

"Mimi niliyeandika kitabu cha mafanikio ya jimbo tangu 1999 mpaka 2017 nasema hivi. Mstari wa 118 si kweli. Wodi ile haikukamilika na haijakamilika. Ina kuta nne na haina paa. Nilimwambia mkunga kwamba sikujua. Nilijua. Wiki mbili kabla ya kuandika nilikuwa nimefika pale na futi ya mdogo wangu. Nilisimama ndani nikapima urefu na upana, mvua ikanikuta humohumo, nikalowa. Nilirudi ofisini nguo zikiwa bado mbichi, nikaandika imekamilika. Mkunga asinipe pole tena. Na mtoto aliyezaliwa pale, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, aambiwe kwamba mama yake hakuuawa na mvua peke yake."

Mkunga yupo hapa. Nilimpelekea karatasi hii juzi, nikamwomba msamaha kwa niaba ya kaka. Aliisoma, akaikunja, akasema atakuja kuzika, na la msamaha hakulijibu. Ninamshukuru kwa kuja. Mungu amlaze kaka yangu mahali pema, na asiyeweza kumsamehe leo, tusimharakishe.