Kinu Kitupu Kilinisimamisha

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na mgongo wangu nao umsifu, maana leo unainama na kuinuka bila kuniletea masharti!

Ninayowaambia yananifanya nionekane mjinga. Chekeni tu. Nilishachekwa na watu wenye njaa, na kicheko cha mwenye njaa kinauma kuliko vyote.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, Wadachi walikuwa wamechoma maghala yetu hapa Songea, halafu wakatutaka sisi vijana tuliobaki tuwabebee mizigo. Mdomo wangu haujui kulala. Siku ile mwenzangu alikuwa na homa, askari anamfokea, mimi nikasema nipe na wa kwake, kichwa changu kina nafasi. Askari akacheka, akaniongezea. Kwenye mteremko wa kwenda Mpitimbi mguu ukateleza, kiuno kikalia kama ukuni mkavu unapovunjwa. Wakaniacha pale pale. Watu wa karibu wakanirudisha kwa mama kwenye machela.

Ndugu zangu, nililala! Nikigeuka, maumivu. Nikikohoa, yanateremka mpaka kisigino. Kila aliyekuja kunipa pole aliniambia lala usitikisike, nami nikatii mpaka miguu ikawa ya korongo. Na baba alikuwa amekufa vitani. Basi mama akawa anaingia porini peke yake kuchimba ming'oko, ile mizizi tuliyokula wakati wa njaa. Kila akirudi, amepungua. Miguu yake ikaanza kuvimba. Mahindi ya mbegu tulikuwa nayo kidogo, mama ameyafukia chini ya kitanda changu, lakini wa kulima nani? Mvua zikikuta shamba halijalimwa, ninamzika mama. Hilo nililijua, wala sikuhitaji mganga kuniambia.

Sasa ujinga wenyewe. Nilikuwa nimeficha kibuyu cha ile dawa ya maji tuliyopewa vitani. Nikawa najipaka mgongoni. Nikasema moyoni, risasi zilikuwa za Mdachi, lakini mgongo huu ni wa Mngoni, huenda hapa maji yatasikilizana nao. Shangazi yangu Nagama, dada wa baba, anayekanda wanawake waliojifungua, akanikuta nimelowa.

"Yameshindwa kumlinda baba yako," akasema, "wewe unayaogea?"

Akamwaga yote nje. Nililia, siwafichi. Kisha nikamwambia Mungu: maji yamekwisha, tumebaki mimi na wewe. Nikisimama nitakusifu, nisiposimama nitakusumbua kila asubuhi. Hiyo ndiyo sala niliyokuwa nayo, na aliipokea hivyo hivyo ilivyo.

Shangazi akaanza kazi. Alinikanda kwa kitambaa cha maji moto kama anavyowakanda hao wanawake wake waliojifungua, halafu akaniamuru nitambae. Mimi, niliyebeba mizigo ya watu wawili, natambaa kuzunguka jiko la mama! Baadaye nikashika nguzo, nikachuchumaa, nikainuka. Maumivu yakisema acha, nayaambia subirini zamu yenu. Lakini shangazi alinifundisha kuyatambua. Yale ya kukaza, mwili unaamka, endelea. Yale yanayochoma kama moto mpaka mguuni, punguza, pumzika, kesho rudi tena.

Nilipoweza kusimama bila nguzo, akanipa mchi. Kwetu mwanamume hatwangi. Na cha kutwanga hakikuwepo! Shangazi akajaza majani makavu kinuni kisije kikapasuka, akaniambia kunja magoti, kaza tumbo, inua kwa nguvu za miguu, toa pumzi mchi ukishuka. Nikatwanga majani. Sasa, katika njaa ile, mlio wa mchi ulikuwa habari kubwa. Majirani wakaja mbio na vibakuli mkononi. Wakakuta majani, na mimi jasho linanitiririka. Mmoja akauliza kama nimeshaolewa. Nikamjibu bado, mahari yangu ni mahindi, kama unayo lete. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake nikatwanga tena, kwa nguvu zaidi, makusudi wasikie.

Mgongo ukalegea. Miguu ikajaa. Mvua ya kwanza ilikuta shamba limelimwa, na jembe nililishika mimi, kipande leo, kipande kesho, napumzika kabla maumivu hayajanilazimisha. Mungu ni mwema, ndugu zangu! Alinikuta nimelala akaniinua kwa mkono wa shangazi, na yeyote aliyenicheka aje tushindane kulima.

Wewe uliyelala huko nyumbani umeambiwa basi, ndiyo mwisho, usikubali. Mtumaini yeye, halafu tikisa kiungo kimoja. Kikikubali, tikisa na cha pili. Hakukuumba gogo.

Mahindi mabichi ya kwanza nilimchomea mama. Akala taratibu, ameinyoosha miguu juani, uvimbe umeshuka. Nikamtania kwamba vijana wenzangu bado wananiita bibi harusi. Akafuta mdomo, akanitazama.

"Kijana anayetwanga nimemwona mmoja," akasema. "Vijana waliolala mpaka mama zao wakazikwa, mwaka huu nimewaona wengi. Kula na wewe."