Mama Tena Ashusha Kamera

Miaka thelathini na moja ya kuongoza filamu bila bosi, bila mshahara wa mwisho wa mwezi na bila kunyamaza inafikia tamati Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwongozaji wetu anapostaafu rasmi. Wengi wameuliza: mtu aliyejiajiri anastaafishwa na nani? Jibu alilitoa mwenyewe asubuhi moja ofisini, kikombe cha chai mkononi: "Nimejiomba ruhusa, nikajikatalia, nikajibembeleza, mwisho nimekubali." Tulicheka. Hakuwa akitania.

Wageni mnaomjua kwa jina la kwenye mabango huenda hamjui kwamba sisi tunaofanya naye kazi tunamwita Mama Tena. Jina hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Mwigizaji anaweza kulia machozi ya kweli hadi mpishi wetu naye akajifuta macho kwa aproni, wote tukaamini kazi imekwisha, halafu ikasikika sauti kutoka nyuma ya kamera: "Vizuri sana. Tena!" Mimi ni fundi sauti wake tangu filamu ya pili, na "tena" hiyo nimeisikia masikioni mara nyingi kuliko ninavyoitwa jina langu nyumbani.

Alianza kwa kupiga video za harusi. Huko hakudumu. Katika harusi yake ya mwisho, maharusi walikuwa jukwaani wakitabasamu, naye alikuwa nyuma ya ukumbi akimpiga picha shangazi wa bibi harusi, aliyekaa juu ya kreti la soda, kavua viatu, anakanda miguu na kulia kimya kimya. Familia ilipotazama kanda, bwana harusi alionekana kidogo tu, tena kisogo. Kazi ikaota mbawa. Lakini shangazi yule alimtafuta hadi kwake, akamwambia, "Siku ile hakuna aliyeniona ila wewe." Mama Tena husema hapo ndipo alipoijua kazi yake.

Studio yetu ya kwanza ilikuwa stoo ya matairi. Tulipaka rangi, tukapaka tena, harufu ya mpira ikakataa kuhama. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alitutengenezea reli ya kusogezea kamera kwa mabomba ya maji na magurudumu ya kitanda cha hospitali. Reli ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, na wa kupata taabu nikawa mimi. Upande wa pili wa ukuta alikuwepo fundi bati. Tukiwasha kamera, naye anaanza kugonga nyundo. Mama Tena alikwenda kumwomba anyamaze, akajibiwa, "Na mimi niko kazini, dada." Alirudi anacheka. Kesho yake alimwandikia nafasi katika filamu. Fundi bati ameshaigiza katika filamu zetu nne, na siku hizi yeye ndiye anayewafokea wapita njia wanaopiga kelele.

Lakini wasifu huu ungekuwa chai bila sukari kama nisingesimulia siku ya dohani.

Mama mkwe wake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo tangu ujana hadi kilipofungwa. Mama Tena alitaka kutengeneza filamu juu ya mwanamke anayekataa kuondoka kiwandani, na mhusika mkuu akamchagua huyo huyo mama mkwe, ambaye hakuwahi kuigiza hata mchezo wa shule. Mashemeji walikuja juu. Shemeji mkubwa alifika studio, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema, "Umemfanya mama yetu kichekesho. Watu wakimcheka, usitujue tena." Mumewe alibaki katikati, huku mke, huku ndugu. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekata shauri: "Niacheni. Nimefuma vitambaa vya watu maisha yangu yote. Na mimi nifume changu."

Tukio la mwisho lilihitaji dohani ya kiwanda, ule mnara wa matofali wa kutolea moshi. Wabomoaji walikuwa waiangushe wiki ifuatayo, nasi tulipanga kufanya mazoezi ya kutosha. Ghafla msimamizi wao akatujia na kofia yake ya manjano: mipango imebadilika, inaanguka leo, kabla ya chakula cha mchana. Dohani huanguka mara moja tu. Mwanamke ambaye hajawahi kuridhika na mara ya kwanza alipewa mara ya kwanza peke yake.

Tulikimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Mama mkwe akasimamishwa uwanjani, umbali salama, uso kwa kamera, dohani nyuma yake. Alikuwa na maneno marefu ya kuaga, mazuri kweli, aliyoyakariri. Alikuwa ameonywa jambo moja: asiipe kamera mgongo. Filimbi ikapulizwa. Dohani ikainama. Alipousikia mlio wa matofali, mama yule akasahau kamera, akasahau maneno yote, akageuka akaipa mgongo. Nikasikia kwenye maikrofoni, taratibu, kama anayesema na mtoto kitandani: "Haya, kapumzike. Na sisi tulichoka zamani."

Vumbi likatumeza. Mpiga picha alikohoa lakini kamera hakuiachia. Lilipotulia, wote tulimgeukia Mama Tena. Tulijua neno litakalomtoka, ingawa halikuwa na maana tena. Halikutoka. Alikuwa amekaa chini kwenye kokoto, anacheka na kulia kwa pamoja. Mama mkwe akamwendea kwa wasiwasi: "Nimekuharibia, mwanangu. Nirudie?"

"Urudie nini, mama? Dohani yenyewe iko chini, nani atainyanyua?"

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika hadi ngazini. Mashemeji walikuja wote, wakakaa mbele, mikono kifuani. Mimi nilisimama pembeni. Mama alipogeuka na kuiambia dohani ikapumzike, shemeji mkubwa alisimama ghafla akaanza kupiga makofi, kawaziba watu wa nyuma. Wakapaza sauti, "Kaa chini, hatuoni!" Naye akawageukia, machozi yanamtiririka: "Huyo ni mama yangu! Huyo ni mama yangu mzazi!" Ukumbi mzima ukainuka. Sehemu ndogo ya filamu iliyobaki tuliitazama tukiwa wima.

Filamu hiyo ilisafiri hadi matamasha ya nchi ambazo wengi wetu tulizijua kwenye ramani tu, ikarudi na tuzo. Zilifuata nyingine saba. Hakuna hata moja aliyokubali ibadilishwe mwisho ili imfurahishe mfadhili, na wapo waliokuja wakaondoka na mikoba yao. Wahariri na wapiga picha aliowafunda sasa wametapakaa kila kituo cha televisheni. Utawajua kwa ukaidi wao. Kuanzia Jumatatu, studio itaongozwa na mpiga picha wetu, yule yule wa siku ya vumbi, na tayari ametangaza kwamba reli ya mabomba haiendi popote. Masikio yangu yatavumilia.

Mama mkwe sasa ni mkongwe na hatoki sana. Tulipokwenda kumwalika katika sherehe hii ya kuaga, alimshika mkwewe mashavu kwa mikono miwili. "Miaka yote hii nikikuangalia naona jicho moja na mtambo," alisema. "Njoo sasa nikuone uso mzima."

Mama Tena, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuchosha vizuri. Sasa nenda, mama mkwe wako anakungoja. Kaeni barazani mchana kutwa, mzungumze hadi chai ipoe. Tunakuombea afya, vicheko, na maisha mema yasiyo na haraka yoyote.