Marehemu Shomari bin Kondo, Aliyemlisha Waseme kwa Mkono

Mimi Hemedi, kaka yake Zena, nimepewa kazi ya kumwelezea marehemu shemeji yangu. Mashemeji hatukuzoea kusifiana, kwa hiyo mtanivumilia.

Shomari bin Kondo alizaliwa Chole, Kisarawe, mwaka 1906, akasoma chuo hapo hapo mpaka akahitimu Kurani. Mwaka 1931 alihamia hapa Misugusugu, akafyeka shamba la mihogo, na mwaka 1933 akamwoa dada yangu. Mkaidi alikuwa, jamani, lakini hakuwahi kumlaza na njaa.

Nguruwe walipomzidi shambani, alifuga mbwa. Maneno yakawa mengi, naye akampa mbwa jina la Waseme, akawa anamwita kwa sauti kubwa kila jirani anapopita. Ua wa Zena Waseme hakuukanyaga. Alilala shambani, chini ya dungu la kulindia mihogo.

Ramadhani ya mwaka 1953 Waseme aliugua. Sisi hatukujua. Tulichoona ni moshi shambani kwa Shomari adhuhuri, na harufu ya samaki. Watu wakasema Shomari kobe, anakula mchana kwa kujificha. Nilipomuuliza, alinijibu nishike yangu. Mwishowe Mwalimu Salehe wa msikitini akatuchukua twende tukamfume.

Tulimkuta amepakata kichwa cha mbwa, anamtia uji wa samaki kinywani kwa vidole na kumsugua koo ili ameze. Uji wote ulikuwa ukirudi. Pembeni palikuwa na mtungi wa maji na udongo, maana kabla ya kusali aliosha mikono mara saba, kama dini inavyotaka kwa mate ya mbwa.

Nikamuuliza kwa nini aliacha watu wamwite kobe.

"Kobe wapo wengi," akasema. "Mtu mzima anayemlilia mbwa nitakuwa peke yangu."

Na kweli alikuwa analia. Mwalimu Salehe alikuja na maneno makali, yakamwishia. Akachota maji, akawa anammiminia mikononi. Sisi wengine tulisimama tu. Waseme alikufa kabla ya magharibi, tukachimba, tukamfukia. Mbwa hawekewi matanga, na hata pole hatukujua kama inafaa. Mimi nilimwambia Shomari kwamba mvua inakuja. Futari ya siku ile ilimshinda.

Mwaka jana koo lilianza kumvimba. Tulimpeleka Dar es Salaam, wakampima, wakaturudishia mgonjwa wetu. Uji ukawa unamtoka pembeni mwa mdomo, Zena anafuta, anamwomba, anajaribu tena. Wiki iliyopita Shomari alimshika mkono.

"Basi, mama Swaumu," akasema kwa shida. "Waseme nilimsumbua na uji mpaka roho inamtoka. Wewe kaa karibu yangu tu."

Dada akaweka kijiko chini, akakaa. Shomari alifariki jana, Jumatano, tarehe 9 Machi 1955, alfajiri.

Ameacha mjane, Zena binti Husseini, na watoto wawili, Swaumu na Mashaka. Tangu jana dada ananiuliza kama angeendelea kumlisha mumewe angekuwapo leo. Dada yangu, sijui. Ningejua ningekwambia. Mola amlaze Shomari mahali pasipo na maumivu.